Nilichagua Chuo cha Udaktari kwa Sababu ya "Pole Sana"

Nimewahi kulia mbele ya watu nisiowajua, nimelala chali kitandani, kaka mmoja mwenye koti jeupe ananibonyeza tumbo. Nilipomaliza kulia, watu wakanipigia makofi.

Makofi, jamani! Si ya kunifariji. Ya kunipongeza.

Mmoja akanipa na mkono kabisa. "Dada, wewe ni noma."

Na wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekwenda kuangalia chuo.

Tulia nikusimulie, maana hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu barabarani, watu wananikwepa.

Mwaka ule nilipata nafasi ya kusomea udaktari kwenye vyuo viwili. Viwili! Nyumbani ilikuwa shangwe. Baba ni fundi wa majokofu, mama ni fundi cherehani, na ukoo mzima haujawahi kutoa daktari hata wa mbuzi.

Chuo cha kwanza kilikuwa mjini. Kikubwa, kina jina, kina majengo ya vioo, darasa moja watu mia nne.

Cha pili kilikuwa mbali huko, kimezungukwa na miti, darasa zima watu arobaini. Binamu yangu, ambaye ni msusi na mdomo wake haujawahi kupumzika, akakibatiza jina: "cha porini."

Kwa masomo vilikuwa sawa tu. Walimu wazuri huku, walimu wazuri kule, hospitali ya kujifunzia huku na kule.

Kwa hiyo nikabaki na swali moja ambalo nilikuwa naona aibu hata kulitamka.

Wapi nitapata watu?

Ngoja nieleze. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, ya biolojia. Miaka yote ile nilikuwa mtu wa chumba na maktaba, maktaba na chumba. Si kwamba nilikuwa najisikia. Aibu tu. Mtu akinisalimia naitikia vizuri, halafu maneno yanakatika kama maji ya bomba.

Siku ya mahafali mama alikuja kapendeza, gauni kashona mwenyewe. Akatoa simu, akaniambia, "Haya mwanangu, waite marafiki zako niwapige picha."

Marafiki gani?

Nikamdaka mkono dada mmoja aliyekuwa anajipitia zake. Nikamnong'oneza, "Nisaidie, simama hapa kidogo." Akasimama, akatabasamu, akaenda zake. Jina lake silijui mpaka leo.

Mama akatazama ile picha. "Rafiki yako ana sura ya upole," akasema.

"Eeh, mpole sana."

Jioni nikajifungia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Sasa udaktari ni miaka sita. Nikaapa: sirudii maisha yale. Nilitaka marafiki, nilitaka soga, na sitaficha, nilitaka na mpenzi. Miaka ishirini na tatu sijawahi hata kutumiwa ujumbe wa "umelala?"

Nilipolifungua jambo hili mezani, baba akaweka kijiko chini.

"Unachagua chuo au unachagua sherehe?"

"Baba, ni miaka sita."

"Mimi nimekaa na majokofu miaka thelathini. Hakuna hata moja lililoniuliza nimeamkaje. Nimekufa?"

Mama akamkata jicho. "Wewe ulikuwa na mimi."

Baba akashika kijiko chake, akaendelea kula.

Basi nikaenda kuangalia kile cha mjini kwanza. Walitupokea kwa sherehe, muziki mpaka vioo vinatetemeka. Mimi nikasimama karibu na meza ya vinywaji. Watu wengi sana walinifuata pale, ila wote walikuwa wanafuata soda.

Kaka mmoja aliniuliza, "Mambo? Unatoka wapi?" Kabla sijajibu, macho yake yalishaenda kwa dada aliyekuwa nyuma yangu.

Lakini sikukata tamaa, wallahi. Nilirudi nyumbani na hesabu zangu. Watu mia nne! Hata kwa ajali tu, lazima mmoja anipende.

Binamu akaniunga mkono. "Nenda mjini. Kule porini utaolewa na yale mafupa ya maabara."

Nilikuwa nimeshaamua. Nikabakiza kubonyeza kitufe cha kukubali nafasi, baba akanizuia.

"Na cha pili umekiona?"

"Baba, cha nini sasa?"

"Hata friji la mtumba hulinunui bila kufungua mlango. Nenda, fungua mlango, kisha uje uniambie."

Nikaenda kwa shingo upande. Ujumbe wao ulisema kutakuwa na mazungumzo mafupi na walimu. Usiku kucha nilikuwa nafanya mazoezi ya kujibu mbele ya kioo. Kwenye basi tumbo likaanza kunisokota kwa woga.

Mlinzi wa getini alikuwa mchangamfu. "Mazungumzo na walimu? Pita moja kwa moja, binti, jengo la pili. Utaona kiti nje ya mlango. Kaa hapo, utaitwa."

Nikaenda. Kiti nikakiona. Nikakaa.

Ambacho mlinzi hakujua, na mimi sikujua, ni kwamba siku ile jengo lile lilikuwa na milango miwili yenye viti.

Sikukaa sana. Akatokea dada mmoja mfupi, mbio mbio, kashika kengele ya mkononi kama zile za shule ya msingi.

"Afadhali umefika! Nilishaanza kupiga magoti. Ingia, ingia, wanakusubiri!"

Nikaingia.

Ndani kulikuwa na kitanda cha hospitali. Kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani, amekaa kwenye kona na kalamu yake, hasemi kitu. Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa, nikatengeneza nywele. Na katikati ya chumba alisimama kaka mmoja mrefu, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakata.

"Karibu, dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne. Nitakuuliza maswali, kisha nitakupima. Ukitaka tusimame, niambie. Sawa?"

Nikasema moyoni, hawa wenzetu wameendelea. Kwao mwombaji anapimwa na afya hapo hapo.

"Nimeambiwa una shida ya tumbo," akasema.

Lo! Nikashtuka. Wamejuaje? Nikadhani labda uso umenikunjamana.

"Eeh, kidogo. Limeanza kwenye basi."

"Linazidi unapokula?"

"Linazidi ninapofikiria."

Yule mama wa miwani akaandika kitu, nikamwona anatabasamu. Nikajua hapo nimepata maksi.

Yule kaka, ambaye kuanzia sasa nitamwita Koti, akaendelea. "Unaishi na nani?"

"Na wazazi."

"Una marafiki wa karibu?"

Nikamtazama yule mama wa miwani.

Sasa hapa nilijiambia, ukidanganya watajua. Hawa ni madaktari. Wanataka kujua kama nitaweza kuvumilia miaka sita. Sema ukweli.

"Sina," nikasema.

"Ukipata shida unampigia nani?"

"Mama."

"Ukimtoa mama?"

Na hapo, jamani, bomba likapasuka. Nikalia. Nikamweleza habari ya mahafali, ya yule dada niliyemdaka njiani, ya maji niliyofungulia bafuni. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nafuta kamasi kwa kiganja cha mkono, sina hata habari.

Koti akainama kidogo. Akasema kwa sauti nzito, taratibu:

"Pole sana."

Mh! Nimewahi kuambiwa pole maishani, lakini ile ilikuwa pole. Iliingia mpaka kwenye mifupa.

Halafu akauliza, "Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Naomba ulale nikupime tumbo."

Nikalala. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, huku machozi yananiingia masikioni. Hatimaye kengele ikalia.

Na hapo ndipo nilipopigiwa makofi.

Yalitokea nyuma ya kile kioo! Kumbe kilikuwa kioo cha upande mmoja, nyuma yake kuna darasa zima linatazama. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wanacheka na kupongeza. Yule mama wa miwani, kumbe ni profesa, akaja kunishika mabega.

"Sijapata kuona mgonjwa wa kuigiza kama wewe. Yale machozi ulijifunza wapi?"

"Kuigiza nini, mama?"

Profesa akavua miwani.

Kabla mtu hajajibu, mzee mmoja akachungulia mlangoni anahema, kofia mkononi. "Samahanini sana. Basi liliharibika. Mimi ndiye mgonjwa wa tumbo."

Ndipo nikaelezwa. Wanafunzi wa mwaka wa nne walikuwa kwenye majaribio ya mtihani wa kumhoji mgonjwa. Wanaalikwa watu wazima kutoka mitaa ya jirani waje kujifanya wagonjwa. Kiti nilichokalia kilikuwa cha huyo mzee. Mazungumzo yangu na walimu yalikuwa mlango wa upande wa pili.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini profesa alikuwa wa kwanza kucheka, mzee akafuata, na mimi, sijui ilikuwaje, nikajikuta nacheka mpaka nashika mbavu. Chumba kizima kinacheka, na mimi nimo ndani yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka hivyo na kundi la watu.

Mazungumzo ya kweli na walimu yalikwenda vizuri. Wakati wa kuondoka, yule dada wa kengele akanisindikiza kituoni akiniomba msamaha njia nzima. Aliongea, akaongea, akaongea. Mimi nilikuwa naitikia "eeh, eeh" huku shingo imegeuka nyuma, labda Koti atatokea.

Nikarudi nyumbani. Nikabonyeza kitufe. Cha porini.

Binamu nusura anichome na pasi ya nywele. "Umechagua chuo kwa sababu ya mwanaume aliyekubonyeza tumbo?"

"Siyo mwanaume. Ni mazingira."

"Hayo mazingira yamevaa koti?"

Nilikuwa namwaza Koti hadi nachoma chai, kama chai inaweza kuungua. Ilikuwa inaungua.

Nikaripoti chuoni. Siku ya kwanza tu kwenye kantini, nikamwona.

"Ah!" akasema. "Mgonjwa wa tumbo!"

Basi ndiyo likawa jina langu. Chuo kizima hadi leo naitwa Tumbo.

Hatukuchukua muda, tukaanza kutoka pamoja. Mimi na Koti! Tunatembea chini ya miti jioni, ananibebea vitabu. Nikampigia binamu kumtambia, kwa mara ya kwanza akakosa la kusema.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Koti alikuwa ananiuliza, "Umelala vizuri? Umekula? Kuna mabadiliko yoyote?" Nikajiona malkia.

Wiki ya pili nikaanza kuona kitu. Maswali yalikuwa yale yale. Kwa mpangilio ule ule.

Wiki ya tatu nikafeli jaribio la mifupa. Si kufeli kidogo. Kufeli kwa kishindo. Nikamfuata Koti macho mekundu.

"Nimefeli, nadhani sitaweza haya mambo."

"Pole sana," akasema, kwa ile sauti yake. "Umekula?"

Nikasubiri. Hakukuwa na kingine.

Jioni ile ile tuko kantini, dada wa jikoni akaangusha kijiko. Koti akageuka. "Pole sana," akamwambia.

Sauti ile ile! Nzito, taratibu, ya kuingia kwenye mifupa. Kwa kijiko!

Nikamtazama. "Hebu niambie ukweli. Siku ile nilipokuwa nalia, ulikuwa unafikiria nini?"

Koti si mtu mbaya. Sifa yake kubwa ni kwamba hajui kudanganya.

"Nilikuwa nafikiria muda unakwisha na sijakuuliza habari ya sigara," akasema. "Nilikuwa natetemeka, Tumbo. Bahati yangu kengele ilichelewa, nikapata nafasi ya kumaliza."

"Ilichelewa?"

"Sana tu. Yule dada alifokewa na profesa mpaka akanyang'anywa kengele. Hukujua?"

Sikujua. Nitajuaje, wakati nilikuwa bize kumpenda mtu wa sigara?

Nikaondoka pale nimeacha chakula. Yule dada nilikuwa namwona bwenini kila siku, chumba cha mwisho kwenye korido yetu. Tunasalimiana, basi. Wenzake humwita Kengele, na nilidhani ni kwa sababu ya mdomo wake, kumbe ni ile kengele aliyonyang'anywa.

Nikagonga. Akafungua, mswaki mdomoni.

"Kwa nini ulichelewesha kengele siku ile?"

Akatoa mswaki. "Ile ya kwako? Ningepigaje kengele mtu yuko katikati ya kulia?"

"Lakini ulidhani naigiza."

"Mimi? Thubutu. Nilikuwa nakuona kupitia kidirisha cha mlangoni. Waigizaji wanafuta machozi kwa ncha ya kidole, hivi. Wewe ulikuwa unafuta kamasi kwa kiganja. Nikasema huyu, awe nani awe nani, analia kweli. Nikaishika ulimi kengele isilie."

Nikakaa kitandani kwake bila kukaribishwa.

"Mbona hukuniambia?"

Kengele akaweka mikono kiunoni. Alikasirika kweli sasa.

"Sikukuambia? Kutoka getini mpaka kituoni nilikuwa nafanya nini? Nilikwambia na mimi nilipofika hapa nilikaa muhula mzima sina wa kula naye. Nilikwambia ukichagua kuja huku usikae peke yako, njoo chumba cha mwisho, hata usiponikuta ingia ukae. Nilikwambia mara mbili! Wewe shingo imegeuka nyuma, eeh, eeh, eeh. Umefika hapa nikajua utakuja. Hukuja. Nikasema labda keshapata watu wake."

Jamani.

Nilikuwa nimelia miaka mizima nikitafuta mtu wa kuniambia maneno hayo. Nikaambiwa, mchana kweupe, njia nzima, na sikusikia hata moja kwa sababu ya koti lililopigwa pasi.

"Nimefeli mifupa," nikasema. Ndicho kilichonitoka.

Kengele hakusema pole. Akakaa pembeni yangu. "Ipi imekushinda?"

"Ya mkono."

"Ya mkono yote?"

"Yote."

Akanisubiri. Nikamwambia kwamba siogopi mifupa, naogopa kurudi nyumbani nikiwa nimeshindwa na hakuna mtu hapa atakayegundua kama nimeondoka. Hakunikatisha. Nilipomaliza akanyoosha mkono wake, akavuta sweta hadi begani.

"Haya, anza. Huu hapa una mifupa yote, na hauna haraka."

Tulikaa pale hadi nikaijua mifupa ya mkono wa Kengele kuliko ya kwangu.

Koti tuliachana kwa amani. Nilipomweleza, akasema "pole sana," tukacheka wote wawili, maana na yeye alishaisikia sauti yake mwenyewe. Siku hizi anakuja chumba cha mwisho kila Jumapili, Kengele anamfundisha kuuliza swali moja kisha afunge mdomo. Mwanzoni ilikuwa kama kumfundisha samaki kupanda baiskeli. Sasa hivi anajitahidi. Juzi mgonjwa wa kweli, bibi mmoja mkali wodini, alimkatalia daktari mkuu kumpima, akasema anamtaka "yule kijana mrefu anayesikiliza."

Jumapili moja tulikuwa tumejaa mle ndani, wengine kitandani, wengine sakafuni. Tulikuwa tunafanyiana mazoezi ya kupima mapigo ya moyo, mmoja anadai moyo wangu uko upande usio wake, makelele juu ya makelele. Simu ikaita. Mama.

"Haloo mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo!"

"Marahaba. Uko wapi? Hapo sokoni?"

"Niko chumbani, mama!"

"Chumbani? Na hizo sauti?"

Kabla sijajibu, Kengele akapiga kelele kutoka sakafuni, "Shikamoo mama Tumbo!" Wengine wakaitikia wote, shikamoo, shikamoo, hata Koti na ile sauti yake.

Mama akakaa kimya. Kimya kirefu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mama? Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

"Hapana, hapana," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sikuwa na jambo. Endelea nao, mwanangu. Nitapiga siku nyingine."

Lakini mama yangu simu hajui kuikata. Huwa anaiweka tu mezani. Nikamsikia anaita kwa furaha:

"Baba yake! Baba yake, njoo! Ana watu!"

Nikatoka nje koridoni kidogo, nikalia tena. Safari hii hakukuwa na aliyepiga makofi, ila Kengele alitoka, akasimama karibu nami, hakuuliza kitu.

Kuhusu mpenzi, binamu bado ananisumbua. Namjibu yupo mmoja wa mwaka wa pili anakuja kuazima chumvi kila siku, na chumvi yake najua haijaisha. Tutaona. Sina haraka na mtu.

Wewe unayechagua chuo sasa hivi, ukiambiwa unakwenda kusoma huendi kuishi, usione aibu. Miaka sita ni maisha. Uliza kuhusu watu. Ila usiwahesabu kama nilivyowahesabu mimi, na usibabaike na sauti nzuri. Nyamaza kidogo mbele yao, uone nani atakusubiri umalize. Na ukimpata anayekusindikiza kituoni akiongea njia nzima, tafadhali sana, geuza shingo umsikilize.